Herufi moja na mulima: ginsi akili ya ndege iliingia mu simulatere

Wengi munanijua kama mtu wa mihogo na udongo, na mutajiuliza agronome anatafuta nini mu mambo ya ndege. Nitawaeleza.

Nilipokuwa mu licence, nilinunua ordinatere ya mitumba yenye simulatere ya ndege ndani. Rafiki akaniwekea Boeing moja ya kuongeza, ile inayotengenezwa na watu wengine na kuuzwa pembeni ya mchezo wenyewe. Usiku moja nikapanga safari ya Kinshasa–Lubumbashi. Nikaandika jina la pointi moja ya njia, mashine ikaniletea orodha ya pointi zenye jina lilelile, nami nikabonyeza moja bila kusoma. Kwenye ramani mstari wangu ukavuka Atlantiki nzima! Nikacheka sana. Kisha nikasoma habari ya Cali, na kicheko kikaisha.

Tuanzie mwanzo. Mwaka 1982 mambo mawili yalitokea huko Marekani. Boeing 767 ilianza kubeba abiria, ikiwa na kompyuta ya kusimamia safari ambayo watu wa ndege wanaiita FMS. Piloti anaandika njia yake kwenye klavye ndogo katikati ya viti viwili, na mashine inahesabu mafuta, kimo, mwendo, na mahali pa kuanza kushuka. Kiti cha tatu, cha fundi wa mitambo, kikaondoka. Mwaka uleule Microsoft ikatoa Flight Simulator ya kwanza, kazi iliyoanzishwa na Bruce Artwick. Humo ulikuwa unarusha Cessna ndogo pale Chicago, yenye mistari michache ya rangi. Kati ya vitu hivyo viwili kulikuwa umbali mkubwa, na kuuvuka kulichukua miaka mingi.

Hata Flight Simulator 98 ilipokuja na Boeing 737, ile akili ya safari haikuwa ndani. Ulikuwa na ndege kubwa ya kuendesha sawa vile gari. Mu ndege nyingi za kuongeza za wakati ule, klavye ya FMS ilikuwa picha tu: unabonyeza, hakuna kitu.

Sasa Cali. Tarehe 20 Desemba 1995, Boeing 757 ya American Airlines ilikuwa inatoka Miami kwenda Cali, inchi ya Kolombia. Usiku, milima pande zote mbili, na Cali haikuwa na rada inayofanya kazi. Muongozaji wa chini akawapa njia fupi ya kutua moja kwa moja, wakakubali, na haraka ikaanza. Walitaka kwenda kwenye pointi ya redio inayoitwa Rozo. Kwenye karatasi zao Rozo ilikuwa na alama R. Piloti akaandika R. Lakini ndani ya kompyuta, R ya kwanza ilikuwa Romeo, karibu na Bogotá, zaidi ya kilometa 200 kutoka pale. Rozo ilikuwa imehifadhiwa kwa jina lake lote. Ndege ikageuka kushoto, kuelekea milima. Walipotambua, tayari walikuwa wamepotea. Mu watu 163, wanne tu walipona.

Mashine ilifanya kile ilichoambiwa. Kilichokosa ni macho. Mu Boeing ya namna ile, ukibadilisha njia, njia mupya inajitokeza kwanza kama mstari wa vipande-vipande, na taa ndogo inawaka kwenye kifungo cha kuthibitisha. Ni kama mashine inakuuliza: una hakika? Usiku ule kifungo kilibonyezwa bila wote wawili kuhakikisha.

Njo maana ninawaheshimu waliochukua shida ya kuiga FMS ya kweli. Miaka ya 1990, Mujerumani Hardy Heinlin alitengeneza programu ya Boeing 747-400 ambayo haikujali sana mandhari ya nje. Nguvu yote ilikuwa kwenye mitambo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaja 767 ya Wilco, kisha 737 ya PMDG mwaka 2003, na 2005 ikaja 767 ya Level-D. Mu ndege hizi mstari wa vipande ulikuwa pale, kifungo chenye taa pale, na orodha ya majina yanayofanana pia. Waliiga hadi mitego.

Sisi agronome tunaelewa hii. Shamba la majaribio lisilo na magugu wala wadudu ni zuri kwa picha, lakini halifundishi mulimaji. Vilevile simulatere ambayo haikuachi ukosee haikufundishi kitu.

Kuko bei lakini. Data za njia za ndege zinabadilika kila siku 28, na kuzifuata kunahitaji kulipa. Ndege nzuri za kuongeza ni ghali, na mega za kuzipakua ni ghali zaidi. Kwa miaka mingi ujuzi huu ulibaki kwa mwenye kadi ya benki. Kisha 2020 Microsoft ikatoa simulatere mupya, na kikundi cha watu wa kujitolea, FlyByWire, kikaanza kutengeneza upya Airbus A320neo iliyokuwa ndani yake, bure, na kodi yake wazi kwa kila mutu. Yule wa Bukavu na yule wa Toulouse wanasoma kurasa zilezile. Kwangu hii njo sehemu kubwa ya historia hii.

Nisidanganye: simulatere haifanyi mutu kuwa piloti. Mimi nikiwekwa mu ndege ya kweli nitatetemeka tu. Lakini ilinipa desturi moja: kabla ya kubonyeza, ninasoma kwa sauti kile mashine imeandika. Ninafanya hivyo hata nikipima dawa ya mimea kwa kufuata hesabu ya telefone. Mara moja hesabu ilikuwa imekosa sifuri.

Na wewe, mu kazi yako, kuko kifungo gani unabonyeza kila siku bila kusoma? Andika hapa chini, tujifunze pamoja.