DBCP: Kiuatilifu Kilichoondoa Mbegu za Kiume

Dibromokloropropani, inayojulikana zaidi kwa kifupi kama DBCP, ni kimiminika kizito chenye harufu kali ambacho molekuli yake ina kaboni tatu, bromini mbili na klorini moja. Katikati ya miaka ya 1950 kampuni mbili za Marekani, Shell na Dow, zilianza kukiuza, ya kwanza kwa jina la Nemagon na ya pili kwa jina la Fumazone, ili kuua minyoo fundo, yaani viumbe vidogo vya udongoni vinavyoingia kwenye mizizi na kuifanya ivimbe. Wakulima wa mananasi, mizabibu na migomba walikipokea kwa furaha, kwa sababu kiliweza kuchomwa ardhini kando ya mmea unaoendelea kukua bila kuudhuru.

Dalili za hatari hazikuchelewa kuonekana maabarani. Charles Hine wa Chuo Kikuu cha California, akiifanyia kazi Shell, na Theodore Torkelson wa Dow waliwavutisha panya hewa yenye mvuke wa DBCP, na matokeo yao ya pamoja yakachapishwa mwaka 1961 katika jarida la kisayansi ambalo mtu yeyote angeweza kulisoma. Panya waliowekwa kwenye mvuke huo saa 7 kwa siku, siku 5 kwa wiki, hadi ikatimia mara 50, walisinyaa korodani hata pale hewa ilipokuwa na sehemu 5 tu za DBCP kwa milioni, kiwango cha chini kuliko vyote vilivyojaribiwa katika mfululizo huo. Watafiti wakapendekeza kwamba mfanyakazi asivute zaidi ya sehemu 1 kwa milioni. Pendekezo hilo lilikuwa kisio tu, kwa kuwa kiwango kisicho na madhara kwa korodani hakikuwa kimepatikana, na kwa muda wa miaka 16 iliyofuata wanaume waliokuwa wakichanganya kemikali hiyo viwandani hawakuambiwa yaliyowapata panya wale, wala hawakupimwa uzazi.

Waliogundua madhara kwa binadamu hawakuwa wanasayansi. Katika kiwanda cha Occidental kilichopo Lathrop, California, wafanyakazi wa idara ya viuatilifu walibaini katika mazungumzo yao ya kawaida kwamba wengi wao walikuwa wakitafuta mtoto bila mafanikio, jambo ambalo katika jamii nyingi lingemwelekea kwanza mke. Mwaka 1977, kwa msaada wa chama chao na wa watengeneza filamu waliokuwa wakirekodi maisha ya kiwandani, wanaume wachache walikubali kupeleka shahawa zao maabara, na majibu yaliporudi mabaya daktari Donald Whorton aliwapima wenzao pia.

Matokeo yaliyotolewa mwaka huohuo katika jarida la The Lancet yanastahili kutazamwa kwa makini. Kati ya wanaume 25 ambao hawakuwa wamefunga uzazi, 14 ama hawakuwa na mbegu kabisa ama walikuwa nazo chache mno, na kadiri mtu alivyokaa muda mrefu na DBCP ndivyo hali yake ilivyokuwa mbaya zaidi. Hata hivyo, kiasi cha testosteroni, homoni inayompa mwanamume sauti nzito, ndevu na hamu ya tendo la ndoa, kilikuwa cha kawaida, na ndiyo maana hakuna aliyejihisi mgonjwa. Kilichopanda ni homoni mbili za tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, ambazo kazi yake ni kuzihimiza korodani. Tezi iliendelea kutuma amri kwa nguvu zaidi, lakini seli zinazozaa mbegu ndizo zilizokuwa zimeharibiwa, huku seli jirani zinazotengeneza testosteroni zikiendelea na kazi yake.

Serikali ya Marekani ilichukua hatua haraka, na mwaka 1978 kiwango kilichoruhusiwa kazini kikashushwa hadi sehemu 1 kwa bilioni, mara elfu moja chini ya pendekezo la 1961. Mwaka 1979 matumizi ya mashambani yalisimamishwa, isipokuwa kwa mananasi ya Hawaii, ambayo nayo yaliguswa na marufuku mwaka 1985. Nje ya Marekani mambo yalikwenda vingine, na hapa ndipo historia hii inapotia uchungu zaidi: kampuni ya Standard Fruit iliishinikiza Dow iendelee kuipelekea shehena iliyobaki kwa ajili ya mashamba ya ndizi ya Amerika ya Kati, na Dow ikakubali baada ya kuahidiwa kwamba ingekingwa dhidi ya madai ya fidia. Vibarua wa Costa Rica walilazimika kupigania hata haki ya kusikilizwa, hadi Mahakama Kuu ya Texas ilipowaruhusu kushtaki huko mwaka 1990.

Watafiti wa Israeli waliowafuatilia wafanyakazi wa kiwanda cha nchini mwao kwa miaka 17 waliona kwamba baadhi yao walirudiwa na mbegu na kupata watoto, lakini wengine, hasa walioathirika sana, hawakupona.

Udongo nao ulikuwa na majibu yake. Mwaka 1968, Castro na Belser wa California walionyesha kwamba bakteria wa udongoni huweza kuinyang'anya DBCP bromini na klorini yake hadi ikabaki propanoli, aina ya alkoholi isiyo na ukali huo. Lakini uwezo ulioonekana katika chupa za maabara haukutosha kuzuia kemikali hiyo isishuke chini ya tabaka lenye vijidudu vingi hadi kwenye maji ya ardhini, ambako huvunjika polepole mno. Iligunduliwa katika visima vya Bonde la Kati la California mwaka 1979, na mji wa Fresno ukalazimika kuyapitisha maji ya visima vyake kadhaa katika matangi ya kaboni ili kuinasa kabla hayajafika majumbani, kwa kuwa sheria ya Marekani hairuhusu maji ya kunywa yawe na zaidi ya mikrogramu 0.2 za DBCP kwa lita.