Kitalu cha Viwanda

Ninyi mlioko Kibosho, Marangu na Moshi mjini mwajua kwamba mche wa kahawa hulelewa kwanza kitaluni, chini ya kivuli. Je, kiwanda kichanga nacho chaweza kulelewa hivyo?

Mwaka 1973 Bunge lilitunga sheria ya kuunda SIDO, yaani Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo. SIDO ilijenga mitaa ya viwanda vidogo mikoani. Moshi nayo ikapata wake. Fundi asiye na mahali pa kazi alipangishwa jengo, akafundishwa biashara, akakopeshwa mashine. Katika miaka hiyo ya 1970, viwanda vya Uswidi navyo vilifanywa ndugu wa viwanda vichanga vya Tanzania: vilileta mashine na kufundisha mafundi.

Basi taabu ilitoka wapi? Vipuri na malighafi nyingi viliagizwa ng'ambo. Fedha za kigeni zilipoadimika miaka ya 1980, kazi ilizorota. Kivuli kilikuwapo, lakini maji yalitoka mbali.

SIDO ingaliko. Sasa jadilianeni: mkianzisha kiwanda, malighafi mtaipata wapi? Mtahitaji kulelewa kwa muda gani?