Kichekesho cha Kiswahili nchini Kenya: Suala la Ukumbi na Lafudhi

Bura, chini ya Milima ya Taita kwenye njia ya Voi kwenda Taveta, haitajwi katika historia za maigizo ya Kenya. Historia hizo huanza na majengo. Huanza na klabu ya maigizo ya Donovan Maule, iliyoanzishwa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1940, ambako walowezi walitazama vichekesho vya Kiingereza. Kisha hutupeleka kwenye Jumba la Taifa la Maigizo, lililofunguliwa Novemba 1952, majuma machache baada ya hali ya hatari kutangazwa. Kwa mtazamo huo kichekesho cha Kiswahili huonekana kuwa mtoto wa televisheni, aliyezaliwa pamoja na Vioja Mahakamani na Vitimbi. Makala hii haikubaliani na nasaba hiyo.

Makao ya kwanza ya kichekesho hiki kilichoandikwa yalikuwa ukumbi wa shule. Katika shule ya upili ya Alliance, miaka ya 1950, Shakespeare alichezwa kila mwaka kwa Kiingereza. Hata hivyo wanafunzi wa shule hiyo hiyo walitunga kwa Kiswahili: Henry Kuria aliandika Nakupenda Lakini, iliyochapishwa 1957, Kimani Nyoike, Maisha ni Nini, Gerishon Ngugi, Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi, iliyotoka 1961. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma hapo, ameeleza kwamba tamthilia hizo zilichezwa pia katika ukumbi wa Menengai mjini Nakuru, yaani katikati ya nchi ya walowezi. Graham Hyslop, Mwingereza aliyetunga Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu (zote 1957), ndiye hutajwa kuwa mlezi wa mkondo huu. (Huyu ndiye aliyekuwa baadaye katika jopo lililoandaa wimbo wa taifa.) Wahakiki wetu huzipita kazi hizi kwa aya moja, wakizihukumu kuwa nyepesi. Nadhani wamezisoma kama vitabu tu. Hadhira ya ukumbi wa mabenchi haikuja kusikiliza maandishi. Ilikuja kumtazama mtu anayejulikana akijifanya mtu mwingine.

Hapo ndipo lafudhi inapoingia. Benson Wanjau, aliyefariki 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini Mzee Ojwang wake alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, na Wakenya walimpenda kwa miongo kadhaa. Je, hadhira ilimcheka Mjaluo, au ilicheka ustadi wa Mkikuyu? Swali hili limerudi kwa nguvu tangu wachekeshaji wa jukwaani wajae katika vilabu vya Nairobi, maana wengi wao hutegemea lafudhi kama mpishi ategemeavyo chumvi. Kundi la Redykyulass, lililotokana na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta mwishoni mwa miaka ya 1990, lilielekeza uigaji huo kwa Rais Moi mwenyewe. Huo ni uigaji wa anayemiga mkubwa wake. Kumwiga mlinzi wa lango ni jambo jingine, na uhakiki usiotofautisha mambo haya mawili hauna msaada kwetu.

Bura ndiko nilikoanza kulifikiria suala hili. Nilipokuwa mwalimu kijana huko, wanafunzi wangu walitayarisha kichekesho kifupi chenye askari kutoka bara ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuvunjikavunjika. Nyumbani watu walicheka hadi machozi. Mdawida, aliye karibu na pwani kuliko Nairobi, alijiona mwenye lugha. Tulipokicheza mbele ya hadhira ya Mombasa, kicheko kilianza kabla askari hajaingia: walikuwa wakimcheka mwanafunzi aliyecheza mke wa mzee, ambaye tulidhani anazungumza Kiswahili sanifu. Lafudhi yake ya Kidawida ndiyo iliyowachekesha. Nilikuwa pembeni mwa jukwaa na mswada mkononi, nisijue la kufanya.

Msichana yule alinyamaza kidogo. Kisha akairudia sentensi ile ile, safari hii akiivuta lafudhi yake kupita kiasi, akiwatazama watu wa mabenchi ya mbele moja kwa moja. Wakacheka tena, ila sasa walikuwa wakingoja neno lake. Katika mswada nilioushika, sentensi hiyo iliandikwa mara moja tu.