Upasuaji wa Maumbile na Waganga wa Kujitolea: Historia Yake Mwanza na Kando ya Ziwa Victoria

Katika lugha nyingi za Ulaya, tawi la uganga linalotengeneza upya nyuso na viungo vilivyoharibika huitwa kwa neno lenye asili ya Kiyunani, ambalo maana yake ya kwanza ni kufinyanga. Mwaka 1838 mganga Mjerumani, Eduard Zeis, alilitia neno hilo katika jina la kitabu chake, na tangu hapo likashika. Lilipoingia katika Kiswahili kwa sura ya "plastiki" lilikuta mahali pamekwisha kukaliwa, maana plastiki kwa wenyeji ni ndoo, sahani na kandambili. Mzazi wa Ukerewe aambiwapo kwamba mwanawe atafanyiwa upasuaji wa plastiki ana haki ya kuuliza kama mtoto atatiwa kipande cha ndoo. Ndiyo sababu yamezuka majina mengine: upasuaji wa kuunda upya, upasuaji rekebishi, upasuaji wa kurekebisha maumbile. Katika makala haya litatumika jina fupi la upasuaji wa maumbile. Hata hivyo lile wazo la kufinyanga lisitupwe upesi, kwa kuwa historia ya ujuzi huu ina undugu wa kweli na watu wa udongo.

Mnamo Oktoba 1794 gazeti la London liitwalo Gentleman's Magazine lilichapa habari za mwendesha ng'ombe wa India aliyekatwa pua alipokuwa mateka wa Tipu Sultan, kisha akatengenezewa pua nyingine kwa ngozi ya paji lake mwenyewe. Aliyemtengeneza hakusomea chuo cha Kizungu. Alikuwa mtu wa tabaka la wafyatua matofali, karibu na mji wa Poona, na kazi hiyo ilikuwa mazoea ya siku nyingi katika nchi ile. Waganga wa Uingereza waliisoma habari hiyo kwa mshangao, na mwaka 1814 Joseph Carpue akaijaribu njia hiyo London, ikafaulu. Yafaa jambo hili likumbukwe kila yanapotajwa mashirika ya Ulaya na Marekani yanayoleta upasuaji wa maumbile katika nchi za Afrika na Asia. Ujuzi huo ulikwenda Magharibi kutoka Mashariki kabla haujarudi.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoukuza. Mwaka 1917 ilifunguliwa hospitali ya Sidcup, karibu na London, ambamo Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, na wenzake waliwatengeneza nyuso askari zaidi ya 5,000. Wagonjwa wake walikuwa askari wa Uingereza, Kanada, Australia na New Zealand. Lakini vita hivyo havikupiganwa Ulaya peke yake. Mji wa Mwanza ulitwaliwa na Waingereza kutoka kwa Wajerumani mnamo Julai 1916, na mwaka 1917 wanaume wengi mno wa Afrika ya Mashariki walikusanywa kwa nguvu kuwa wapagazi wa jeshi, katika kikosi ambacho jina lake la Kiingereza limebaki katika Kiswahili kama Kariakoo. Wapagazi hao hawakuwa na Sidcup yao. Aliyeungua au kupasuliwa taya alirudi kwao na kovu lake, na kovu likawa ndiyo sura yake mpaka kufa. Tangu mwanzo, basi, ujuzi huu ulikuwapo duniani, ila uligawiwa kwa watu fulani na wengine wakanyimwa. Historia ya waganga wa kujitolea ni historia ya majaribio ya kuurekebisha mgawanyo huo.

Katika Vita Kuu ya Pili binamu yake Gillies, Archibald McIndoe, naye mzaliwa wa New Zealand, aliwatibu marubani walioungua katika hospitali ya East Grinstead. Miongoni mwa waganga waliojifunza kwake alikuwa Michael Wood, Mwingereza aliyehamia Kenya baada ya vita, akawa mpasuaji na rubani pia. Na Mmarekani Thomas Rees. Mwaka 1956 watu hao watatu walikutana katika mteremko wa Mlima Kilimanjaro, upande wa Tanganyika, wakatunga shauri la kuwapelekea wapasuaji kwa ndege wagonjwa walio mbali na miji. Mwaka uliofuata, 1957, likaanzishwa shirika la Madaktari wa Ndege wa Afrika ya Mashariki, ambalo baadaye lilijulikana zaidi kwa jina la AMREF. McIndoe alifariki mwaka 1960, kabla ya mti alioupanda kuzaa. Wood aliendelea na kazi hiyo mpaka karibu na kufa kwake mwaka 1987. Watu wengi walijuao shirika hili hudhani kwamba lilianzishwa kwa ajili ya chanjo au malaria. Kumbe waanzilishi wake wote watatu walikuwa wapasuaji wa maumbile.

Haja ya wapasuaji hao haikuwa ndogo. Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha kwamba wakati wa Uhuru, mwaka 1961, Tanganyika ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Chuo cha udaktari cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1963. Katika nchi za Ziwa hospitali kubwa ya rufaa ilipatikana mwaka 1971, ilipofunguliwa ile ya Bugando juu ya kilima kinachoutazama mji wa Mwanza. Ilijengwa na Kanisa Katoliki, ikatwaliwa na Serikali mwaka 1972, na mwaka 1985 ikarudishwa katika uongozi wa Kanisa kwa mapatano na Serikali. Tangu hapo imekuwa kimbilio la wagonjwa wa Mwanza, Kagera, Mara, Shinyanga na mikoa ya jirani.

Lakini hospitali kuwapo ni jambo moja, na mgonjwa kuifikia ni jambo jingine. Reli ilikwisha kufika Mwanza mwaka 1928, ila haiwafai watu wa visiwani. Mama wa Ukara au wa Kome hana budi kungoja chombo. Na mtu aliyetoka Sengerema au Geita alivuka maji kwa kivuko baina ya Busisi na Kigongo mpaka mwaka 2025, lilipozinduliwa daraja la kilomita 3. Nauli, chakula cha siku nyingi mjini, na shamba lililoachwa bila mtu wa kulipalilia ni gharama zinazotangulia ile ya matibabu. Kwa hiyo, hata mpasuaji akifanya kazi bure, bure hiyo humfikia maskini ikiwa imekwisha kupata bei.

Wagonjwa wenyewe ni wa namna mbili hasa. Wa kwanza ni watoto waliozaliwa na mdomo au kaakaa lililopasuka. Kiswahili cha mitaani huuita "mdomo sungura", na lugha kadha za Ulaya nazo ziliwahi kuufananisha na mdomo wa mnyama huyo; hospitalini siku hizi husikika zaidi "mdomo wazi", jina lisilomweka mtoto katika kundi la wanyama. Watafiti wa Bugando walitoa habari mwaka 2011 za wagonjwa 240 wa namna hii waliofika hapo baina ya Aprili 2004 na Aprili 2009. Wa pili ni walioungua. Katika miaka mitatu, 2008 mpaka 2010, hospitali hiyo iliwapokea watoto 342 walioungua, wengi wao wakiwa wameunguzwa nyumbani kwa maji au vitu vingine vya moto. Mtoto anayejifunza kutembea na chungu kilicho juu ya mafiga ni majirani wa hatari. Jeraha la moto lisipotibiwa vema, kovu hukaza na kuvuta: kidevu hushikana na kifua, vidole hukunjamana katika kiganja, na kiwiko hakikunjuki tena.

Dawa ya kovu kama hilo ni kulikata na kuweka ngozi nyingine iliyochukuliwa pajani au mahali pengine mwilini. Kitendo hicho huitwa "kupandikiza ngozi", na hapa Kiswahili kimefaulu pale ambapo "plastiki" ilishindwa. Mkulima wa mpunga wa kando ya Ziwa huotesha miche kitaluni, kisha huing'oa na kuipandikiza katika jaruba. Anajua kwamba mche usiposhika udongo utakauka, na kwamba siku za kwanza ndizo za kuuangalia. Mpasuaji akimwambia kwamba ngozi ya mtoto itapandikizwa, amekwisha kumweleza nusu ya matibabu.

Mdomo uliopasuka hushonwa mapema. Kanuni ya siku nyingi yataka mtoto awe na wiki 10, uzito wa ratili 10, na damu ya kutosha, yaani gramu 10 za himoglobini katika kipimo chake. Kaakaa hungoja zaidi, ila yatakikana lizibwe kabla mtoto hajazoea kusema, kwa kawaida kabla ya miezi 18. Sababu yake wanafunzi wa fonetiki waijua. Kaakaa likiwa wazi, hewa hukimbilia puani, na sauti zinazohitaji hewa kubanwa kinywani hazipatikani. Vipasuo /p/, /b/, /t/, /d/, /k/ na /g/ hudhoofika, vikwamizo hufifia, lakini ving'ong'o hubaki salama. Mtoto huyo huweza kumwita mama. Akitaka kumwita baba, husikika kama anamwita mama tena. Akipelekwa shule huchekwa, na mara nyingi hudhaniwa kuwa akili yake ni pungufu, na hali upungufu u katika kaakaa tu.

Hapa ndipo ulipo mpaka wa kazi ya mgeni. Wageni wa kujitolea kwa kawaida hukaa wiki moja au mbili, nao huweza kushona midomo na makaakaa mengi kwa muda huo. Lakini mtoto aliyeshonwa akiwa na miaka 7 amekwisha kuzoea kusema kwa pua na koo, na mazoea hayo hayatoki kwa sindano. Yahitaji mwalimu wa matamshi kwa miezi mingi, na walimu hao wangali wachache sana nchini. Vivyo hivyo kwa aliyepandikizwa ngozi: kiungo kisiponyoshwa kila siku, kovu hurudi kukaza, na mgeni amekwisha kupanda ndege.

Wahenga waliyapima mambo haya kwa methali mbili. Ya kwanza yasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na pengine haijapata kuwa kweli kwa maneno yake yenyewe kama katika hospitali za Ziwa. Ya pili yasema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Zote mbili ni za haki, na historia ya nchi imezijua zote. Baada ya Uhuru neno "kujitolea" lilisikika kila mahali, likiwaita raia wachimbe mitaro na kujenga shule. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaliweka karibu yake neno "kujitegemea". Yote mawili yana kiambishi kile kile -ji-, kinachokirudisha kitendo kwa mtendaji. Anayejitolea hutoa nafsi yake kwa ajili ya mwingine. Anayejitegemea huegemea nafsi yake mwenyewe. Kujitolea kwa mgeni kusipomfikisha mwenyeji kwenye kujitegemea, kutakuwa kumeufanya umaskini uwe na adabu tu.

Mashirika yenyewe yameliona jambo hili. Interplast, lililoanzishwa na Donald Laub wa California mwaka 1969, lilianza kwa kupeleka makundi ya wapasuaji, kisha likaongeza mafunzo ya wenyeji. Smile Train, la mwaka 1999, lilishika tangu mwanzo njia ya kuwasaidia kwa fedha na mafunzo waganga wa nchi zenyewe. Mwaka huo huo wa 1999 Chuo cha Wapasuaji cha Afrika ya Mashariki, Kati na Kusini kilianzishwa, nacho hutahini wapasuaji wa maumbile bila kuwataka waende Ulaya. Bugando nayo ilipata chuo chake cha uganga mwaka 2003. Hata hivyo kazi bado ni kubwa: tume ya gazeti la Lancet ilikadiria mwaka 2015 kwamba watu bilioni 5 duniani hawafikiwi na upasuaji salama wanaoweza kuulipia.

Jembe la siku ya tatu, basi, si la waganga peke yao. Mazoezi ya matamshi yaliyotungwa kwa Kiingereza hayawezi kuhamishwa yalivyo. Kiswahili kina maneno kama mbuzi na ndizi, ambamo kaakaa hutakiwa lifungue njia ya pua na papo hapo liifunge. Huo ni mtihani mkubwa kwa kaakaa lililoshonwa, na Kiingereza hakina neno linaloanza hivyo. Orodha za maneno ya kumfundishia mtoto wa Ukerewe, zikianza na sauti nyepesi na kwenda kwenye nzito, pamoja na istilahi ambazo mzazi atazielewa bila mkalimani, ni kazi ya wachunguzi wa lugha. Mpasuaji atakapomaliza kuziba kaakaa, ndipo kazi yao itakapoanza.