Mbio za Farasi na Sharti Zake: Kutoka Madina Hadi Lamu



Ndugu wazazi na vijana wetu wa Dzaleka, Mponela na Lilongwe, makala hii imetokana na swali ambalo vijana wetu wanalirudia mara kwa mara. Wanasema: "Mnatukataza kubeti mpira, mbona kwenye vitabu vya fiqhi dau la mbio za farasi limeruhusiwa?" Swali ni zuri na linastahili jibu lenye historia ndani yake, si kukemewa tu. Hapa kwetu farasi ni nadra, na mnyama tunayemuona kila siku ni ng'ombe wa mkokoteni na punda. Hata hivyo, sharti zilizowekwa kwa ajili ya farasi zinatuhusu sana, kama tutakavyoona in shaa Allah.

Tuanze kabla ya Uislamu. Waarabu wa Jahiliya walipenda mbio kupita kiasi, na moja ya vita vyao mashuhuri ilianzia kwenye mbio. Ni vita ya Dahis na al-Ghabra, baina ya kabila la Abs na kabila la Dhubyan. Majina hayo si ya watu, ni ya farasi. Watu wawili wakubwa, Qays bin Zuhayr wa Abs na Hudhayfa bin Badr wa Dhubyan, waliwekeana dau. Kwa mujibu wa wapokezi wa habari hizo, upande wa Hudhayfa uliwaficha watu njiani ili wamzuie Dahis pindi atakapotangulia, nao wakamzuia kweli. Ulifuata ugomvi juu ya nani mshindi, kisha damu, kisha visasi. Husimuliwa kuwa vita hiyo ilidumu miaka 40. Hesabu hiyo huenda ni ya wasimulizi tu, lakini chanzo chenyewe kinajulikana: mbio zisizo na mwamuzi, dau la pande mbili, na hila ya kichakani.

Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) alipofika Madina hakuzipiga marufuku mbio, alizipanga. Katika hadithi ya Ibn Umar (Radhiya Allahu anhuma) iliyopokewa na Bukhari na Muslim tunaambiwa kuwa farasi waliokwisha kufanyiwa mazoezi walishindanishwa kutoka mahali paitwapo al-Hafya hadi Thaniyyatul Wadaa. Wasiofanyiwa mazoezi walishindanishwa kutoka Thaniyya hadi msikiti wa Bani Zurayq. Sufyan, mmoja wa wapokezi, alikadiria masafa ya kwanza kuwa maili 5 au 6, na ya pili maili 1. Hebu tulitazame jambo hili vizuri, maana wengi hulipita haraka. Farasi aliyeandaliwa, yaani aliyelishwa vizuri kisha akapunguziwa chakula kidogo kidogo na kutolewa jasho mpaka mwili ukakaza, alipewa njia ndefu. Ambaye hakuandaliwa alipewa njia fupi, asije akapasuka pumzi. Mwanzo ulijulikana na mwisho ulijulikana. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliopanda siku ile.

Kisha kuna hadithi iliyomo katika Sunan Abi Dawud inayokataza mambo mawili katika mbio: jalab na janab. Jalab, kama walivyoeleza wanavyuoni, ni mtu kumfuata farasi wake kwa nyuma akimpigia kelele na kumfukuza ili azidi kukimbia. Janab ni kuwa na farasi wa pili pembeni, ambaye mpandaji atamrukia yule wa kwanza akichoka. La kwanza linamuumiza mnyama na kumdhulumu mshindani, na la pili ni udanganyifu mtupu. Leo vyama vya mbio duniani, pamoja na Jockey Club ya Kenya inayosimamia uwanja wa Ngong mjini Nairobi, vina kanuni zao na waamuzi wao. Msingi wake ni huu huu: farasi ajulikane na ushindi uwe wake mwenyewe.

Wanafunzi wa Imam Shafii wametueleza kuwa yeye ndiye wa kwanza kuuandikia mlango huu wa mashindano maandishi yake ya pekee, na sisi watu wa Afrika Mashariki tuliolelewa katika madhehebu yake tunaukuta katika Minhaj ya Imam Nawawi. Sharti ni nyingi: masafa yajulikane, farasi watajwe kwa kuainishwa, kila mmoja wao awe na uwezekano wa kushinda, na zawadi ijulikane. Zawadi ikitolewa na kiongozi, au na mtu wa nje, au na mmoja tu wa washindani, inafaa. Wakitoa wote wawili ili mshindi achukue vyote, hiyo ni kamari, mpaka aingie wa tatu asiyetoa kitu na ambaye farasi wake anaweza kweli kuwashinda. (Ibn al-Qayyim amelipinga sharti hili la mtu wa tatu katika kitabu chake al-Furusiyya, kwa hiyo tusidhani kuwa suala hili halina mjadala.)

Sasa kijana wetu aangalie yuko wapi katika picha hii. Yeye hana farasi, hakupanda wala hakufundisha. Amekaa kibandani Mponela na kwacha zake, akitabiri mabao ya timu za Uingereza ambazo hata hazimjui. Mlango wa dau ulifunguliwa kwa farasi, ngamia na mishale kwa sababu ya mazoezi ya kujihami, na ulifunguliwa kwa washindani. Mtazamaji anayebahatisha kutoka pembeni hakuwahi kupewa nafasi humo.

Lakini tusiwaseme vijana peke yao. Watu wazima, tena matajiri, walivuka mipaka mikubwa zaidi. Katika mbio za ngamia za Ghuba, kwa miaka mingi walipandishwa watoto wadogo kwa sababu ni wepesi. Wengi waliletwa kutoka Pakistan, Bangladesh, Sudan na Mauritania, watoto wa Kiislamu wa mafukara, wengine wakiuzwa na wengine wakichukuliwa kwa ahadi ya kazi nzuri. Walinyimwa chakula wasinenepe, wakaanguka na kuvunjika. Umoja wa Falme za Kiarabu ulikuwa umeshatoa katazo mwaka 1993, lakini halikutekelezwa. Ni mwaka 2005 ndipo ilipopitishwa sheria ya kumzuia yeyote aliye chini ya miaka 18, na kwa makubaliano na UNICEF mamia ya watoto wakarejeshwa makwao. Qatar nayo katika mwaka huo iliingiza maroboti madogo badala ya watoto. Wazazi wa Dzaleka wanaoletewa ahadi za kazi za mbali kwa watoto wao wayakumbuke majina ya nchi hizo nne.

Hata roboti halikumaliza dhulma. Mwaka 2011 ilibainika huko Dubai kuwa baadhi ya maroboti yalifungwa vifaa vya kumpiga ngamia shoti ya umeme. Nao wenye ngamia huendesha magari sambamba na uwanja wakipaza sauti na kubonyeza mjeledi kwa mbali. Sisi tukiitazama picha hiyo tunaikumbuka jalab, na tungependa kuwasikia wanavyuoni wa huko wanasemaje.

Tumalizie karibu na kwetu. Mji wa Lamu, Kenya, hauna nafasi ya magari katika vichochoro vyake, na punda ndiye mchukuzi. Katika sherehe za Maulidi, ambazo zimeshikamana na jina la Habib Swaleh na msikiti wa Riyadha, pamoja na kisomo kuna mbio za punda kando ya bahari, na vijana hupanda bila tandiko. Tangu mwaka 1987 ipo hapo hospitali ya punda iliyoanzishwa na shirika la Uingereza, inayotibu bila malipo vidonda vya mizigo, minyoo na kwato. Shirika hilo limeandaa pia mashindano mengine ambayo punda hakimbii kabisa. Wenye punda huwaleta, madaktari wakawakagua mgongo, kwato na meno, na zawadi akapewa mwenye punda aliyetunzwa vizuri kuliko wote. Zawadi inatoka kwa mtu wa nje, kwa hiyo hata fiqhi ya dau haina neno. Tungependa kuona siku moja mashindano kama hayo kwa ng'ombe na punda wa mikokoteni sokoni Mponela, na mfadhili akipatikana, walimu wa madrasa tuko tayari kusimamia.

Wallahu a'alam.