Wasimamizi wa Kujitolea: Namna ya Kuwatunza Wanaolinda Kundi la Mashabiki

Kundi la mashabiki lenye watu thelathini hujiendesha lenyewe. Wote wanajuana. Mtu akivuka mpaka kwenye matani hupigiwa simu na rafikiye, na kesho yake hukutana barazani mambo yakaisha. Kundi hilohilo likifika watu mia nane, wengi hawajuani tena. Hapo mwanzilishi huteua watu wawili watatu, akawapa uadmini na kuwaambia, "Nisaidieni kuangalia." Msimu mmoja wa ligi ukipita, mmoja amenuna, mwengine amejitoa, na wa tatu analaumiwa kwa kumtoa shabiki wa timu pinzani bila sababu.

Wasimamizi hawa hawalipwi, ni watu wa kujitolea. Kundi kubwa mara nyingi huvunjika pale wao wanapochoka, au wanapotumia mamlaka ambayo hakuna aliyewapimia. Makala haya yanaeleza kazi yao ni ipi na mwenye kundi afanye nini ili wadumu.

Kazi yenyewe

Msimamizi hukubali wanachama wapya, hufuta matusi, huondoa matangazo ya matapeli wanaouza "mechi za uhakika" kwa wacheza kamari, na hutuliza ugomvi. Hizo ndizo kazi zinazoonekana. Iliyo nzito zaidi haionekani: kusoma matusi yote ambayo wengine hawatayaona, na kusikiliza malalamiko ya faragha ya kila aliyeonywa. Kwa hiyo anayesema "wewe si unafuta tu ujumbe" hajui anachokisema.

Mamlaka si sawa kila mahali

Kabla ya kumpa mtu uadmini, jua unampa nini.

Kwenye WhatsApp, ambako tangu mwisho wa 2022 kundi moja huweza kuwa na watu hadi 1,024, maadmini wana nguvu karibu sawa. Yeyote kati yao anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama, kumtoa mtu, na hata kumvua mwenziwe uadmini. Anayesalimika ni mwanzilishi peke yake. Ndiyo maana ugomvi wa maadmini wawili huweza kulisambaratisha kundi kwa usiku mmoja.

Kwenye Facebook kuna vyeo viwili, admini na modereta. Modereta hukubali wanachama, hufuta posti na huzuia watu, lakini hawezi kumteua admini wala kubadilisha mipangilio ya kundi. Anayeanza apewe cheo hiki kwanza.

Kwenye Telegram, ambako kundi huweza kufika watu 200,000, mwenye kundi humpimia kila admini nguvu zake: huyu afute ujumbe, yule azuie watu. Kuna kumbukumbu inayoonyesha maadmini walifanya nini ndani ya saa 48 zilizopita. Kuna pia njia ya kupunguza kasi, inayomlazimu kila mwanachama asubiri muda fulani, unaoweza kufika saa moja, kabla ya kuandika tena. Penalti ikikataliwa dakika ya mwisho, njia hiyo hutuliza watu kuliko onyo lolote.

Nani achaguliwe

Kosa la kawaida ni kumteua anayeandika zaidi au anayejua mpira zaidi. Mchambuzi hodari mara nyingi ndiye mgomvi hodari. Tafuta mtu anayejibu kwa upole hata akichokozwa, na anayekuwepo saa ambazo kundi lina moto.

Wasiwe wa kambi moja. Kama kundi lina mashabiki wa timu kadhaa za Uingereza, wasimamizi watoke timu tofauti. Wawe pia na wanawake. Kwenye WhatsApp namba ya mwanachama huonekana na wenziwe kundini, na wako wanaozichukua namba za wasichana kuwasumbua faraghani. Msichana aliyesumbuliwa atajitoa kimya kimya kama wote wa kumlalamikia ni wanaume, na mwenye kundi hatajua kwa nini wasichana wanapungua.

Idadi iwe shufwa au witiri? Bora witiri. Watatu au watano wanapotofautiana, uamuzi hupatikana. Na wote wajue nani ana neno la mwisho, maana nahodha wengi chombo huenda mrama.

Kanuni fupi na ngazi za adhabu

Kanuni zisizidi zile ambazo mtu anaweza kuzisoma kwa pumzi moja: hapana matusi ya mzazi, dini wala kabila, hapana picha za utupu, hapana matangazo ya kamari, hapana kumfuata mwanachama faraghani bila idhini yake. Ziwekwe kwenye maelezo ya kundi, mahali ambapo kila anayeingia huziona.

Adhabu ipande kwa ngazi. Kosa la kwanza, ujumbe ufutwe na mwenyewe aonywe faraghani. La pili, aonywe mbele ya kundi. La tatu, atolewe kwa muda unaojulikana. Makosa mazito kama vitisho na picha za utupu hayana ngazi, anatolewa papo hapo.

Msimamizi asiamue kesi inayomhusu mwenyewe. Akitukanwa yeye, mwenziwe ndiye ahukumu. Na aliyetolewa awe na mahali pa kukata rufaa, kwa msimamizi mwengine ambaye hakuhusika. Kanuni hizi mbili hupunguza lawama nyingi, kwa sababu mashabiki hustahimili adhabu kali kuliko wanavyostahimili upendeleo.

Kila uamuzi uandikwe kwenye kundi dogo la wasimamizi: nani, lini, kosa gani, adhabu gani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki nayo ni hivyo. Mwezi wa sita baadaye, mtu akilalamika kwamba alionewa, kumbukumbu ndiyo itakayojibu.

Zamu

Mechi za usiku za Ligi ya Mabingwa Ulaya huanza saa nne au saa tano usiku kwa saa zetu, kutegemea majira ya huko. Filimbi ya mwisho hulia karibu na saa sita au saa saba, na matusi mabaya zaidi huja baada yake. Anayesimamia usiku huo ana sala ya alfajiri, ana kazi bandarini au darasa la asubuhi. Akifanya hivyo kila wiki peke yake, atachoka, na aliyechoka huadhibu kwa hasira.

Pangeni zamu kwa kufuata ratiba ya mechi, na aliye nje ya zamu asidaiwe kujibu. Makundi yetu mengi yana ndugu walioko ng'ambo, na hao ni msaada mkubwa. Mechi ikianza kwetu usiku, New York na Toronto ni saa tisa alasiri, kwa hiyo aliye huko husimamia bila kupoteza usingizi. Walioko Muscat na Dubai wako mbele yetu kwa saa moja, na huweza kupitia ujumbe wa usiku kabla sisi hatujaamka.

Usiku ambao hakuna mtu wa zamu, fungeni kundi ili maadmini pekee ndio waandike hadi asubuhi.

Pesa na sheria

Michango ya msiba, ya jezi au ya safari ya uwanjani isipitie simu ya msimamizi. Wateuliwe watu wengine wawili, mmoja apokee na mwengine ahesabu, na hesabu itolewe kundini. Msimamizi anayeshika pesa hawezi kumwonya mtu bila kuambiwa anaficha jambo.

Wasimamizi wajue pia sheria. Matamshi ya chuki ya kikabila ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2008 ya utangamano wa kitaifa. Sheria ya 2018 ya uhalifu wa mtandaoni inamwadhibu anayesambaza picha za utupu za mtu mwengine kwa faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Kwa hiyo picha kama hiyo ikiwekwa kundini, msimamizi asiitume kwa wenziwe eti kama ushahidi. Aandike namba ya aliyeiweka, tarehe na saa, aifute, kisha amjulishe aliyedhulumiwa ili aamue kupeleka malalamiko polisi.

Kujitolea kuna mpaka

Kampuni kubwa zimejifunza hili kwa gharama. Huko Marekani, kampuni ya AOL iliwatumia watu wengi wa kujitolea kusimamia kumbi zake za mazungumzo. Mwaka 1999 baadhi yao waliishtaki wakidai walikuwa wakifanya kazi ya mwajiriwa bila mshahara, na kesi iliisha 2010 kwa makubaliano ya dola milioni 15. Juni 2023, wasimamizi wa kujitolea wa Reddit walifunga maelfu ya majukwaa yao kupinga ada mpya ambazo kampuni iliwatoza watengenezaji wa programu, zikiwemo walizozitegemea katika kazi yao.

Kundi la mtaani si kampuni, lakini kinachochosha ni kilekile: kazi inazidi na hakuna anayeuliza. Msimu unapoisha Mei, mwenye kundi ampigie simu kila msimamizi amuulize kama anaendelea au anapumzika. Anayetaka kupumzika ashukuriwe mbele ya kundi, jina lake likiwa safi, na nafasi yake ipate mtu kabla ligi haijaanza tena Agosti. Anayeendelea aulizwe ni zamu gani ilimlemea, na zamu hiyo ibadilishwe.