Soko la Soda la India: Waliolijenga na Waliolivuna

Mabepari wanapotaka kuingia katika nchi changa, hutanguliza wapima soko. Hawa huhesabu vichwa vya watu na miezi ya joto, hukagua barabara na umeme, kisha hutamka kwamba soko "linainukia". Lakini soko haliinuki lenyewe kama nyasi baada ya mvua. Hujengwa kwa jasho, na swali la kimapinduzi ni jasho la nani. Hebu tuitazame India.

Coca-Cola ya Marekani iliingia India mwaka 1950. Viwanda vya kujaza soda vilikuwa vya Wahindi, na wafanyakazi walikuwa Wahindi. Kampuni ilishika kitu kimoja tu: kiini cha soda, ambacho siri yake haikumwambia mtu. Huu ni unyonyaji wa werevu sana. Mwenye siri hana haja ya kumiliki kiwanda. Mwenye kiwanda akiwa mkaidi, ananyimwa kiini na mitambo yake inageuka vyuma vitupu.

Sheria ya fedha za kigeni ya mwaka 1973 ilizitaka kampuni nyingi za nje zipunguze hisa zao hadi asilimia 40. Mwaka 1977, Serikali mpya ya Janata, kupitia Waziri wa Viwanda George Fernandes, iliidai Coca-Cola itoe hisa pamoja na siri. Kampuni ikachagua kuondoka.

Hapa ndipo panapohitaji kutuliwa. Serikali iliagiza taasisi ya utafiti wa chakula ya Mysore itengeneze kiini, ikatoa soda iitwayo Double Seven, kwa kumbukumbu ya mwaka ule. Ikakabidhiwa shirika la umma la kuoka mikate! Viongozi walidhani nguvu ya Coca-Cola imo katika siri ya kiini. Kumbe imo pia katika kreti: nani anaipeleka dukani, nani anakusanya chupa tupu, nani anamkopesha muuza duka barafu na sanduku la kuipozea. Mtandao huo haukushikwa na umma. Ulishikwa na mabepari wa ndani: Pure Drinks, waliokuwa wakiijazia Coca-Cola, wakatoa Campa Cola, Parle wakatoa Thums Up. Janata ikaanguka katika uchaguzi wa Januari 1980, na Double Seven ikafifia. Bepari wa nje alitoka mlangoni, bepari wa ndani akakalia kiti kabla hakijapoa.

Pepsi iliruhusiwa mwaka 1988, kwa ubia na shirika la kilimo la jimbo la Punjab na kampuni ya Voltas, chini ya masharti ya kuuza mazao nje na kutumia jina la kienyeji, Lehar Pepsi. Masharti hayo hayakuwa mabaya. Lakini mwaka 1991 India iliishiwa fedha za kigeni hata ikaweka rehani tani 47 hivi za dhahabu, na mwenye njaa hana nguvu ya kushikilia masharti.

Coca-Cola ilirudi mwaka 1993. Sensa ya 1991 ilikuwa imehesabu watu milioni 846, lakini kampuni haikwenda kuwatafuta mmoja mmoja. Ilinunua Thums Up, Limca, Gold Spot na nembo nyingine za Parle, zilizoshika zaidi ya nusu ya soko, kwa bei inayotajwa kuwa dola milioni 60 hivi. Parle angekataaje? Wajazaji wake walifungwa kwa mkataba tu, na mwenye fedha nyingi angeweza kuwavuta.

Maji hayakuwa katika hesabu ya wapima soko. Katika kijiji cha Plachimada, Kerala, kiwanda cha Coca-Cola kilianza kazi mwaka 2000. Mwaka 2002 wanavijiji, Waadivasi wakiwa mbele, walianza kukipinga kwa sababu ya visima vyao. Mwaka 2004 uzalishaji ukasimama.

Coca-Cola ilijaribu kuisukuma Thums Up pembeni ili kinywaji chake kipite. Wanywaji wakakataa. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilitangaza kwamba mauzo ya Thums Up kwa mwaka yamefikia dola bilioni 1.